Utoaji mimba: Siasa ya Marekani inavyofika hadi Mutarule

Mutarule ni kijiji cha bonde la Ruzizi, karibu na Luberizi, katika teritwari ya Uvira. Wengi wanakijua kwa sababu ya usiku wa tarehe 6 Juni 2014, pale watu zaidi ya 30 walipouawa humo. Kutoka hapo hadi Washington ni mbali sana. Hata hivyo, ugomvi wa vyama vikubwa vya Marekani juu ya utoaji mimba unawafikia pia wanawake wa bonde hilo, kwa njia ya boksi la dawa.

Boksi hilo linaitwa PEP. Mwanamke aliyebakwa njiani kwenda shambani au kutafuta kuni anapaswa kulipata kabla ya saa 72 kupita. Ndani yake mna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, dawa za magonjwa ya zinaa, na kidonge cha kuzuia mimba, ambacho kinaweza kusaidia hadi siku ya tano. Akilipata mapema, mara nyingi mimba haiingii, na swali la kuitoa halizuki.

Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa kati ya wafadhili wakubwa wa dawa hizo mashariki mwa Kongo. Ndiyo maana yanayoamuliwa katika Ikulu ya White House yanagusa vituo vya afya vya Kivu.

Mlango unaofunguka na kufungwa

Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa wanawake wa inchi ile haki ya kutoa mimba. Mwaka huohuo bunge lao lilipitisha sheria ya seneta Jesse Helms, inayokataza pesa ya misaada ya nje kulipia utoaji mimba kama njia ya uzazi wa mpango. Katika utekelezaji, sheria hiyo imewafungia mlango hata waliobakwa.

Mwaka 1984 serikali ya Ronald Reagan, Mrepublikani, iliongeza sharti lingine kwenye mkutano wa Mexico: shirika la kigeni linalotoa mimba au kushauri wanawake juu yake halipati msaada wa uzazi wa mpango, hata kama kazi hiyo linailipia kwa pesa yake lenyewe. Tangu hapo sharti linafuata chama kinachoshinda. Bill Clinton aliliondoa mwaka 1993, George W. Bush akalirudisha 2001, Barack Obama akaliondoa 2009. Donald Trump alilirudisha 2017 na kulipanua liguse misaada yote ya afya, Joe Biden akaliondoa 2021, na Trump akalirudisha tena Januari 2025.

Sharti lenyewe linaacha nafasi kwa aliyebakwa na kwa mama ambaye maisha yake yako hatarini. Lakini mashirika yanaogopa kupoteza pesa, na mengi yanachagua kunyamaza kabisa.

Safari hii kulikuwa na pigo kubwa zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Mwaka huo, vita vikipamba moto Kivu, mashirika ya haki za binadamu yalieleza upungufu wa dawa za PEP.

Sheria ya Kongo inasema nini

Kanuni ya adhabu ya Kongo bado inamtishia mwanamke anayetoa mimba kifungo cha miaka 5 hadi 10. Lakini Kongo iliridhia pia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, iliyochapishwa katika Gazeti Rasmi Machi 2018. Itifaki hiyo inaruhusu mganga kutoa mimba iliyotokana na kubakwa au na ndugu wa damu, au inapohatarisha afya ama maisha ya mama. Mwezi uliofuata, mahakama ziliagizwa kuifuata.

Wanaounga mkono sharti la Marekani, kanisani na katika siasa, wanasema linalinda maisha ya mtoto ambaye hajazaliwa. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walichunguza inchi 26 za Afrika kati ya 1995 na 2014. Mwaka 2019 walieleza kwamba katika inchi zilizotegemea sana msaada huo, utoaji mimba uliongezeka kwa asilimia kama 40 wakati sharti lilipokuwepo, kwa kuwa njia za uzazi wa mpango zilipungua.

Wakaaji wa Mutarule hawapigi kura Marekani. Kinshasa ndiyo inayoweza kuamua kununua dawa za PEP kwa bajeti yake, na kuwaeleza waganga na mapolisi wa bonde la Ruzizi kile sheria ya 2018 inachoruhusu. Bila hayo, aliyebakwa ataendelea kuhesabu saa zake 72 akingojea uchaguzi wa watu wengine.