Tulivyobadilisha nyaya za Land Rover chini ya mkorosho

Land Rover za zamani mnazijua. Hapa Kisarawe zimebeba korosho, mihogo, mkaa na wagonjwa. Yetu ni ya mwaka 1978. Injini bado nzima. Kilichooza ni nyaya.

Usiku mmoja tulikuwa tunatoka Maneromango, tunampeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya. Tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Mara moshi, mara taa zote kwisha. Tukang'oa waya wa betri mbio mbio. Bahati gari jingine lilipita likamchukua mama, akajifungua salama.

Asubuhi tuliona sababu. Panya walikuwa wametafuna mpira wa waya, shaba ikawa inagusa bodi. Fyuzi ilitakiwa ikatike. Lakini haikukatika, kwa sababu ilizungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara. Nani alifanya hivyo? Sisi wenyewe! Fyuzi ilikuwa inakatika kila siku, tukachoka kununua.

Fyuzi ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi uungue kwanza. Umeme ukizidi, fyuzi inakufa na waya unapona. Ukiweka karatasi ya sigara au msumari, waya ndio utakaoungua, na gari pamoja nao.

Basi tukaamua kubadilisha nyaya. Kwanza tulifungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Halafu tukachukua daftari na kalamu. Kila waya tuliupa namba, tukaandika: unatoka wapi, unakwenda wapi, rangi gani. Tulibadilisha mmoja mmoja. Ukizing'oa zote kwa pamoja utabaki na rundo kama nywele, hujui pa kuanzia.

Rangi zina maana. Katika Land Rover za miaka ile, waya wa kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja bila fyuzi. Huo uogope. Mweupe unapata umeme ukiwasha ufunguo. Kijani umeshapita kwenye fyuzi. Buluu ni wa taa kubwa, mwekundu wa taa ndogo. Mweusi unarudi kwenye bodi.

Waya mpya tulinunua Maili Moja, Kibaha. Usinunue kwa macho tu, piga hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 ni wati 120. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 10. Sasa hesabu nyuzi za shaba ndani ya waya. Waya wa nyuzi 14, kila uzi milimita 0.3, unabeba ampea 8 na kitu. Hautoshi. Wa nyuzi 28 unabeba 17. Tulichukua huo, tukauwekea fyuzi ya ampea 15, ili fyuzi ife kabla ya waya. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene tuliukataa. Kwenye mashimo ya barabara zetu utakatika.

Mahali palipotuchosha zaidi ni pale waya mweusi unapofungwa. Bodi ya Land Rover ni alumini, chasisi ni chuma. Vikikutana na unyevu wa huku kwetu Pwani vinalika, panatokea unga mweupe, umeme haupiti. Ndiyo maana ukiwasha indiketa taa ya nyuma nayo inakonyeza! Tulipiga msasa mpaka pakang'aa, tukakaza nati, tukapaka grisi juu.

Kabla ya kurudisha betri tulifanya jaribio. Tulizima kila kitu. Tukaunga balbu ya indiketa katikati, kati ya betri na ule waya wa bodi. Balbu ikiwaka sana, ujue kuna waya unagusa bodi mahali. Mara ya kwanza yetu iliwaka. Tukafungua daftari, tukafuata namba moja moja. Kosa lilikuwa namba 23, waya wa honi, umebanwa na skrubu. Tukautoa, tukaufunga vizuri, tukajaribu tena. Balbu haikuwaka.

Jioni ile tuliwasha taa, tukaenda nayo mpaka Maneromango na kurudi.