Yako Mbali Kiasi Gani? Utangulizi wa Elimu ya Mashimo Meusi

Mwishoni mwa Julai, kusi ikiwa bado inavuma, simama ufukoni Pangani kati ya saa tatu na saa nne usiku, mbali kidogo na taa za mji. Njia Nyeupe itakuwa imetanda juu yako. Karibu na utosi, kaskazini kidogo, lipo shimo jeusi lililo karibu nasi kuliko yote yanayojulikana hadi leo. Wanaastronomia wameliita Gaia BH1. Kusini yake, katika kundi la nyota ambalo wazee wa pwani waliliita Kausi, lipo jingine kubwa mno, Sagittarius A*, lililokaa katikati ya galaksi yetu. Yote mawili hupita juu ya Pangani usiku uleule, moja likitangulia jingine kwa muda usiofika nusu saa. Macho hayaoni hata moja. La kwanza liko umbali wa miaka 1,560 ya nuru, yaani mwendo wa nuru kwa miaka hiyo yote, la pili karibu miaka 27,000.

Nimeanza na umbali kwa makusudi. Vitabu vingi huanza na ajabu za ndani ya shimo: muda kusimama, mtu kunyooshwa akawa uzi. Hayo yana utamu wake na yatafika kwa zamu yake, lakini mgeni anayeingia kwa mlango huo hukaa muda mrefu akidhani somo hili ni hadithi. Mlango wangu ni swali ambalo wanafunzi huniuliza kabla ya mengine yote: yako mbali kiasi gani, na je, yatatufikia?

Tuitoe hofu kwanza. Shimo jeusi ni maada iliyobanwa mahali padogo kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Mwaka 1916 Mjerumani Karl Schwarzschild, akitumia milinganyo ya Einstein, alipata kipimo chake: Jua lingepaswa kubanwa hadi nusu kipenyo cha kilomita 3, na Dunia milimita 9. Kwa hesabu hiyo Gaia BH1, lenye uzito wa karibu Jua kumi, lina upana wa kilomita 57 hivi, usiozidi sana mwendo wa barabara kutoka Pangani hadi Tanga. Wala shimo halivuti kama mdomo unaonyonya. Jua lingegeuka shimo jeusi usiku huu bila kubadilika uzito, tungekufa kwa baridi, lakini Dunia ingeendelea kulizunguka kwa siku zilezile 365. Na chombo cha angani chenye mwendo wa Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka milioni 27 kulifikia Gaia BH1.

Umbali huo ulipimwaje? Nahodha anayepita nje ya kisiwa cha Maziwe huona minazi ya ufukoni ikisogea upesi mbele ya vilima vya bara. Kilicho karibu husogea zaidi, cha mbali kidogo. Dunia nayo hutupeleka kutoka upande mmoja wa Jua hadi wa pili kila miezi sita, mwendo wa kilomita milioni 300, na nyota za karibu huonekana kusogea mbele ya zile za mbali. Satelaiti ya Gaia, iliyorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwaka 2013, ilipima msogeo huo kwa nyota zaidi ya bilioni moja. Kati yao, nyota moja inayofanana na Jua ilionekana ikizunguka kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku 186 hivi. Kareem El-Badry na wenzake walitangaza mwaka 2022 kwamba kitu hicho ni shimo jeusi.

Sasa nije kwenye sehemu ya historia hii ambayo, kwa maoni yangu, ingestahili kufundishwa katika kila shule ya pwani. Maada inayolizunguka shimo jeusi kabla ya kutumbukia hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa miali ya eksirei. Hewa yetu huizuia miali hiyo, kwa hiyo atakayeiona lazima apande juu ya hewa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ya Kimarekani ilipandisha satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutafuta eksirei angani. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huisukuma roketi zaidi, na njia ya juu ya ikweta huiepusha satelaiti na sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa NASA, akaipa satelaiti jina la Uhuru.

Uhuru iligundua kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinapepesa eksirei ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Muda mfupi baadaye Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, walionyesha kwamba mahali pale pana nyota kubwa ya buluu inayozunguka na mwenzi asiyeonekana kwa siku 5.6, na mwenzi huyo ni mzito mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Stephen Hawking aliweka dau kwamba silo. Alikiri kushindwa mwaka 1990. Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Na hadi leo, mtafiti wa Tokyo au Chile anayeandika 4U 1630-47 anatumia, pengine bila kujua, neno la Kiswahili: U hiyo ni ya Uhuru, na 4 ni orodha yake ya nne.

Hapo tena umbali unarudi. Kwa miaka kadhaa Cygnus X-1 ilihesabiwa kuwa miaka 6,000 ya nuru kutoka kwetu, na uzito wake Jua 15. Mwaka 2021 vipimo vya redio vilivyo makini zaidi viliisogeza hadi miaka 7,200, na papo hapo uzito ukapanda hadi Jua 21. Hakuna kilichobadilika angani. Nyota ikiwa mbali zaidi ni lazima iwe inang'aa zaidi ya tulivyodhani, basi ni kubwa zaidi, na mwenzi wake pia ni mzito zaidi. Mashimo meusi hatuyaweki kwenye mizani. Tunayapima kwa mwendo wa majirani zao, na mara nyingi mwendo huo hautoi uzito kamili mpaka umbali ujulikane. Hata Tuzo ya Nobel waliyopewa Andrea Ghez na Reinhard Genzel mwaka 2020 ilitokana na kufuatilia kwa miongo kadhaa nyota kama S2, ambayo huzunguka Sagittarius A* kwa miaka 16, mpaka uzito wa Jua milioni nne na zaidi ukadhihirika.

Atakayejiunga nasi ajiandae kuona matokeo yakifutwa. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba katika HR 6819, miaka 1,000 ya nuru tu kutoka hapa, pana shimo jeusi. Mwaka 2022 ikathibitika kwamba ni nyota mbili za kawaida, moja imemnyang'anya mwenzake gesi. Hata cheo cha Gaia BH1 cha kuwa karibu kuliko yote sidhani kitadumu. Makadirio ya idadi ya mashimo meusi ya ukubwa huo katika galaksi yetu yanafika mamilioni mengi, na tunayoyajua ni machache sana, kwa kuwa lisilo na jirani ni vigumu kulitambua. Vipimo vya Gaia vimewekwa wazi kwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa Pangani mwenye kompyuta anavisoma vilevile vinavyosomwa California, na hesabu ya kugeuza pembe kuwa umbali haizidi pembetatu za sekondari.