Beste Yako Amefikisha Kopo la 100? Mpeleke Mfangano, Lakini Chunga Michoro

Kama beste yako hucheza jiokashi, unajua kufikisha 100 si jambo dogo. Gemu ni hivi: msee anaficha kopo lenye kijitabu, anaweka namba za GPS kwenye intaneti, wewe unalisaka, unasaini, unalirudisha palepale. Ukibeba kizawadi cha ndani, unaacha kingine cha thamani hiyo. Ilianza 3 Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga GPS ya raia.

Form ya kumpongeza? Mfichie kopo jipya kwa heshima yake. Mfangano ni wazo poa: mnapanda boti Mbita, mnavuka hadi kisiwani.

Lakini hapa ndipo wengi wanaweza kuchoma. Mapango ya Mawanga na Kwitone yana michoro ya kale ya duara nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa, na Wasuba wanapaheshimu. Usifiche kitu humo. Kila anayesaka atapapasa mawe, na rangi ikishatoka hairudi.

Ongea na wenyeji kwanza, wakuonyeshe pengine. Pati yenu ni ya siku moja. Michoro imekaa karne.