Kuwalisha Bakteria wa Chini ya Ardhi ili Mafuta Yatoke

Mafuta yanapoacha kupanda yenyewe kisimani, wahandisi husukuma maji ardhini kupitia visima vingine ili yayasogeze. Miaka ikipita, kinachotoka kwa wingi ni maji yale yale. Yamejipatia njia za mkato kwenye matabaka ya mwamba yenye vitundu vikubwa, nayo mafuta yamekwama pembeni. Mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta hubaki chini.

Wazo la kuwatumia bakteria si jipya. Mwaka 1954, huko Lisbon, Arkansas, bakteria waliokuzwa maabara waliingizwa kisimani pamoja na molasi. Lakini kiumbe wa maabara hushindwa kwa urahisi na mazingira ya mwambani. Kwa maoni yangu, hatua kubwa ilipigwa pale wataalamu walipoamua kuwalisha bakteria wenyeji, ambao tayari wanaishi humo.

Mwaka 1994, katika eneo la North Blowhorn Creek, Alabama, Lewis Brown wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi na wenzake walianza kutia naitreti na fosfeti kwenye maji yaliyokuwa yakisukumwa ardhini. Naitrojeni na fosforasi ndizo anazonunua mkulima kwenye mfuko wa mbolea. Kaboni bakteria walikuwa nayo tele, kwa kuwa mafuta yenyewe ni chakula chao. Walichopungukiwa ni hizo mbili.

Uzuri wa mbinu hii uko hapa: virutubisho husafiri na maji, kwa hiyo huenda kwa wingi kule kule maji yanakotorokea. Bakteria huzaliana hapo, hutoa utando wa utelezi, na vitundu vikaziba. Maji hukosa njia ya mkato, yakalazimika kupita penye mafuta. Huko Alabama, baadhi ya visima vilivyokuwa vikififia viliongeza mafuta.

Naitreti ina faida nyingine: huwapa nguvu washindani wa bakteria wanaotengeneza hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza, inayokula mabomba.

Si kila mwamba unafaa. Joto likizidi nyuzi 80 hivi za Selsiasi, bakteria wengi wa aina hii hawastahimili. Na mlo lazima upimwe: ukizidi, utando huota karibu na mdomo wa kisima cha kusukumia maji na kukiziba kabla virutubisho havijafika mbali. Ndiyo maana virutubisho hutiwa kwa vipindi, huku shinikizo la kisima likifuatiliwa kwa karibu.