Kabla ya ligi kuu kuna Levelland: Vyuo vidogo vya Marekani vinavyowapokea watimkaji wetu

MUHULA mpya wa vyuo vya Marekani unaanza mwishoni mwa Agosti, na kwa chipukizi wa mbio ndefu ambaye bado hajashika barua yake ya ufadhili, siku zinahesabika.

Wengi wakisikia ufadhili wa riadha Marekani, mawazo yao hukimbilia Oregon, Alabama au Oklahoma State. Hao ni vigogo, na nafasi zao ni chache. Lakini kuna mlango mwingine, mdogo na usio na mbwembwe, ambao umewapitisha Wakenya kwa miaka mingi: vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo Wamarekani wenyewe huviita ‘juco’.

Marekani ina karibu vyuo 1,000 vya aina hiyo. Kikongwe zaidi kati ya vile vya umma ni Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichofunguliwa mwaka 1901. Michezo ya vyuo hivi husimamiwa na shirikisho la NJCAA, lililoundwa California mwaka 1938 na ambalo sasa lina wanachama zaidi ya 500. Na kwa taarifa yako, mashindano ya kwanza ya kitaifa ya shirikisho hilo hayakuwa ya mpira wa vikapu wala futiboli ya Kimarekani. Yalikuwa ya riadha, mjini Sacramento mwaka 1939.

Kwa nini mlango huu unawafaa vijana wetu? Jibu la kwanza liko kwenye cheti cha KCSE. Vyuo vikuu vilivyo chini ya NCAA, Divisheni ya Kwanza, vina masharti makali kuhusu masomo ya sekondari. Vyuo vya jamii vingi viko wazi kwa yeyote aliyemaliza shule. Kijana aliyekuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia badala ya kufungua vitabu, akaambulia D+, hapo bado ana pa kuanzia.

TAMBARARE YA PAMBA

Chukua mfano wa Levelland. Ni mji mdogo magharibi mwa Texas, kilomita 50 hivi kutoka Lubbock, na jina lake lina maana ya ardhi tambarare. Hakuna miteremko ya Iten huko. Kuna mashamba ya pamba, visima vya mafuta, na upepo unaoinua vumbi hadi jua likapotea machoni.

Hapo ndipo kilipo chuo cha South Plains, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wapenzi wa muziki wanakijua kwa kufundisha country na bluegrass. Sisi wa riadha tunakijua kwa jina moja kubwa: Sally Kipyego.

Binti huyo wa Marakwet alitua South Plains na kuanza kukusanya mataji ya kitaifa ya vyuo vya miaka miwili. Mwaka 2006 akahamia jirani tu, Chuo Kikuu cha Texas Tech pale Lubbock, na huko moto ukawaka. Alitwaa ubingwa wa NCAA wa mbio za nyika mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008. Kwa jumla akaondoka na mataji tisa ya NCAA, huku akisomea uuguzi.

Yaliyofuata mashabiki wengi wanayakumbuka. Fedha ya mita 10,000 kwenye Riadha za Dunia mjini Daegu mwaka 2011, nyuma ya Vivian Cheruiyot. Fedha nyingine ya umbali huo huo katika Olimpiki ya London 2012, safari hii nyuma ya Tirunesh Dibaba na mbele ya Cheruiyot. Mwaka 2017 alipata uraia wa Marekani.

Februari 29, 2020, Marekani ilichagua timu yake ya marathoni ya Olimpiki mjini Atlanta. Kwa wanawake, wa kwanza alikuwa Aliphine Tuliamuk, mzaliwa wa Pokot Magharibi. Wa tatu, na mwenye tiketi ya mwisho, alikuwa Kipyego. Kwa wanaume, tiketi ya mwisho ilichukuliwa na Abdi Abdirahman, aliyekuwa na umri wa miaka 43 na akienda Olimpiki yake ya tano. Abdirahman ni mzaliwa wa Somalia ambaye familia yake ilikimbia vita na kuishi Kenya kabla ya kuhamia Tucson, Arizona. Alianzia wapi kukimbia kwa ushindani? Chuo cha jamii cha Pima, mjini humo humo Tucson.

Yaani siku moja, tiketi mbili za mwisho za Olimpiki zilikwenda kwa watu wawili waliopitia vyuo vidogo ambavyo runinga haviangalii.

Na si mbio ndefu pekee. Veronica Campbell-Brown wa Jamaica, bingwa wa Olimpiki wa mita 200 mwaka 2004 na 2008, alipitia chuo cha Barton katika jimbo la Kansas. Tyson Gay, aliyezoa dhahabu tatu Osaka mwaka 2007, naye alipita hapo hapo. Kwenye vikapu, Dennis Rodman na Jimmy Butler ni zao la vyuo vya miaka miwili vya Texas.

MWAKA WA MTIMKAJI

Anayekwenda huko asidhani anakwenda kupumzika. Agosti wanariadha wanaripoti mapema na mazoezi yanaanza joto likiwa kali. Septemba na Oktoba ni mbio za nyika karibu kila wikendi mbili, basi likikata mamia ya kilomita. Novemba ni fainali za kitaifa za nyika, na karibu na hapo kuna ubingwa wa nusu marathoni, mashindano ambayo hata NCAA haina.

Krismasi haijaisha vizuri, Januari inaingia na riadha za ukumbini, ambazo fainali zake huwa Machi. Kisha wote wanatoka nje, uwanjani, hadi fainali za Mei. Mtu mmoja anaweza kukimbia nyika, ukumbini na uwanjani ndani ya mwaka mmoja wa masomo, na darasani anatakiwa kuwa na mzigo kamili wa masomo kila muhula. Ukishuka darasani, hukimbii. Na kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, kuacha masomo ni kupoteza viza yenyewe.

Kwa upande wa pesa, NJCAA imegawanya vyuo katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inaruhusiwa kulipia karo, ada, malazi, chakula na vitabu. Ngazi ya pili inaishia kwenye karo, ada na vitabu, kwa hiyo kitanda na ugali ni juu yako. Ngazi ya tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti. Vyuo vya jamii vya California navyo viko chini ya chama chao wenyewe na havitoi ufadhili wa michezo.

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Kijana anaambiwa “umepata chuo Marekani” na kijiji kizima kinachinja mbuzi, kumbe amepata nafasi ya kusoma tu, bila wa kulipa. Swali la kwanza kwa kocha yeyote liwe hili: chuo chako kiko ngazi gani, na barua inasema italipa nini na nini?

Swali la pili lihusu mwaka wa pili. Ufadhili huu hutolewa kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha unaangaliwa upya. Msuli ukichanika Oktoba, hakuna anayelazimika kukubakiza msimu unaofuata.

JUU KUNABANA

Chuo cha miaka miwili ni ngazi tu. Mwanariadha ana misimu miwili pale, halafu anahamia chuo kikuu kumaliza digrii na misimu iliyobaki. Ili apokelewe na Divisheni ya Kwanza ya NCAA anahitaji wastani wa alama 2.5 na masomo yanayohamishika, si masomo ya kujaza ratiba.

Tatizo ni kwamba juu kunazidi kubana. Juni 2025 jaji wa California aliidhinisha makubaliano makubwa kati ya NCAA na wanamichezo, yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ni habari njema kwa nyota wa futiboli. Lakini makubaliano hayo hayo yalileta ukomo wa idadi ya wachezaji kwa vyuo vilivyoyakubali: 17 kwenye mbio za nyika na 45 kwenye riadha. Kocha aliyekuwa na uhuru wa kubeba vijana wengi sasa anahesabu vichwa, na anayetoka juco anagombea nafasi na wanaohama kutoka vyuo vikuu vingine.

Kuna upande wa pili pia. Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa Vanderbilt aliyepitia chuo cha miaka miwili huko New Mexico, alikwenda kortini akidai misimu ya juco isihesabiwe. Desemba 2024 jaji alimpa ruhusa ya kuendelea kucheza, na NCAA ikafungua dirisha la mwaka mmoja, msimu wa 2025-26, kwa waliokuwa katika hali kama yake.

Kisha kuna ubalozi. Majirani zetu wa Tanzania walijikuta kwenye tangazo la Ikulu ya Marekani la Desemba 2025, lililoweka vizuizi vya viza, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia Januari 1, 2026. Burundi ilikuwa imeshawekwa kwenye orodha tangu Juni 2025. Mtimkaji wa Mbulu au Bujumbura anaweza kuwa na muda mzuri kuliko wa Nandi na bado akakwama dirishani.

WAJANJA WA BARUA

Penye riziki hapakosi wajanja. Uasin Gishu hawahitaji kuhubiriwa kuhusu hilo. Mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia kaunti uliishia kwa wazazi kuandamana mwaka 2023 wakidai pesa zao, na kesi kufika mahakamani. Haukuwa mpango wa riadha, lakini maumivu ya mzazi aliyeuza shamba ni yale yale.

Kwa hiyo kabla ng’ombe hajatoka boma, mambo haya yajulikane. Fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huombi viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo chenyewe, si na wakala. Ada ya SEVIS ni dola 350 na hulipwa kwa serikali ya Marekani. Ada ya kuomba viza ni dola 185 na hulipwa kwa utaratibu wa ubalozi. Zote mbili zina risiti zenye jina la mwanafunzi. Anayekutaka umtumie pesa ya “kushikilia nafasi” kwa simu yake binafsi, mkimbie kuliko unavyokimbia mita 10,000.

Barua ya ufadhili nayo lazima iwe na sahihi ya chuo, na jina la chuo lionekane kwenye orodha ya wanachama wa NJCAA, ambayo iko wazi mtandaoni. Piga simu kwa ofisi ya michezo ya chuo hicho, si kwa namba uliyopewa na wakala. Levelland wanapokea simu. Ukikumbuka tu kwamba kwao asubuhi ndiyo kwetu jioni.