Mkanda wa ngozi, siri ya makali ya wembe

WEMBE ni ule ule, husema Waswahili. Hata hivyo, kwa mtu anyoaye ndevu kwa wembe wa kukunja, wembe wa leo si ule wa jana, kwani kila anaponyoa makali yake hupungua kidogo.

Ndiposa vinyozi wa zamani hawakukosa mkanda mrefu wa ngozi ulioning'inia kando ya kiti cha mteja. Wembe uliofuliwa Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani, uliweza kumhudumia mtu maisha yake yote, mradi mkanda huo utumiwe ipasavyo.

Wengi huchanganya kazi ya mkanda na ile ya kinoo. Kinoo ni jiwe. Hula chuma na kuunda makali mapya. Mkanda haupunguzi chuma kwa kiasi cha kutajika. Kazi yake ni kuyanyoosha na kuyang'arisha makali membamba yaliyopinda yalipokutana na nywele.

Unywele, licha ya ulaini wake, ni adui asiyedharaulika. Mwaka 2020, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, walieleza katika jarida la Science jinsi unywele mmoja unavyoweza kumegua makali ya wembe wa chuma, ingawa chuma hicho ni kigumu kuliko unywele takriban mara 50. Makali yaliyopinda hurekebishwa kwa mkanda. Yaliyomeguka hayana budi kurudishwa kwenye kinoo.

Namna ya kuutumia

Ncha moja ya mkanda hufungwa kwenye kulabu, nayo ya pili hushikwa kwa mkono na kukazwa. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali vikigusa ngozi kwa pamoja, kisha husukumwa mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma. Makali yakitangulia, yataikata ngozi.

Wembe ufikapo mwisho wa mkanda, hugeuzwa kwa kuviringishwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, ndipo urudishwe ulikotoka. Safari hizo mbili, kwenda na kurudi, huhesabiwa kuwa mara moja.

Mikanda mingi ina pande mbili: kitani au turubai, na ngozi. Desturi ya wengi ni kuanza na kitambaa mara 20 hadi 30, kisha ngozi mara 40 hadi 60, kabla ya kunyoa.

Kosa kubwa la wanagenzi ni kukandamiza. Uzito wa wembe wenyewe watosha. Mkono ukikandamiza au mkanda ukilegea, ngozi hubonyea na kuyapanda makali, nayo huviringika na kuwa butu. Kosa la pili ni kuiga kasi ya kinyozi mzoefu. Haraka haraka haina baraka, na hapa gharama yake ni mkanda uliochanika au kidole kilichokatika.

Utunzaji

Mkanda hutundikwa mahali pakavu, mbali na jua kali na mvuke wa bafu. Haukunjwi, kwa sababu mkunjo huacha mstari ambao wembe utajikwaa kila upitapo. Kabla ya matumizi, husuguliwa kwa kiganja ili kuondoa vumbi na kuipa ngozi ulaini.

Ngozi ikikauka mno, matone machache ya mafuta ya miguu ya ng'ombe hutosha. Mafuta yakizidi, ngozi hulegea na kuteleza. Mkato mdogo husawazishwa kwa msasa laini, lakini mkato mrefu ni ishara kwamba mkanda umemaliza kazi yake.

Wembe nao sharti ukaushwe kabisa kabla ya kugusa ngozi. Maji huuharibu mkanda, na huleta kutu kwenye makali.

Tahadhari ya afya

Kuna jambo ambalo vinyozi wa kale hawakulijua. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7, hata katika tone la damu lisiloonekana kwa macho.

Chuma chaweza kutakaswa kwa mvuke wa joto kali. Ngozi haiwezi, kwani joto hilo huikunjamanisha na kuiharibu. Kwa hivyo, mkanda mmoja unaopitishwa nyembe za wateja wengi huweza kurudisha uchafu kwenye wembe uliokwisha kusafishwa.

Kwa sababu hiyo, katika kinyozi cha umma inafaa kutumia wembe ambao jani lake hubadilishwa na kutupwa baada ya kila mteja. Jani hilo halihitaji mkanda, na mteja ana haki ya kuliona likifunguliwa kutoka kwenye karatasi yake.

Mkanda wa ngozi umebaki kuwa chombo cha nyumbani: mtu mmoja, wembe wake, na mkanda wake. Kwa anayezingatia hayo, kitunze kikutunze si msemo mtupu.