Kuwa mwalimu: ni chuo gani, na maswali gani ya kuuliza kabla ya kulipa

Matokeo ya mtihani wa taifa, Exetat, yakishatangazwa, mitaa ya Bukavu, Goma, Bunia na Butembo hujaa kelele. Mafinalisti wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, mama wanacheza, jirani anapewa soda. Siku chache baadaye swali gumu linaingia nyumbani: mtoto ataenda kusoma nini, wapi, na kwa pesa ya nani?

Kwa kijana anayetaka kuwa mwalimu, jibu la haraka ni herufi tatu: ISP, yaani Institut Supérieur Pédagogique. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. ISP ni nyingi, haziko sawa, na si kila anayetaka kufundisha analazimika kuanzia huko. Kuchagua vibaya kunaweza kula miaka 3 au 5 ya kijana, pamoja na ng’ombe au shamba ambalo familia iliuza.

Shule ya msingi au sekondari?

Kabla ya jina la chuo, kuna swali la watoto gani unataka kufundisha. Katika nchi yetu, mwalimu wa shule ya msingi anatayarishwa katika humanite pedagojia, miaka 4 baada ya darasa la 8. Mwenye diploma ya Serikali ya seksioni hiyo, yule anayeandikwa D6 kwenye listi ya malipo, anaweza kufundisha shule ya msingi bila kupita chuo kikuu. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa darasa la 8 anayependa kazi hiyo asingoje diploma ndipo waanze kuzungumza.

Kufundisha sekondari ni njia nyingine, na hapo ndipo ISP inaingia. Zamani mtu alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mfumo wa LMD ulipoenea katika vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, mambo yalibadilika: lisansi sasa ni miaka 3 yenye krediti 180, na masteri ni miaka 2 yenye krediti 120. Neno limebaki lile lile, maana yake si ile ile. Mjomba aliyepata lisansi mwaka 2005 alikaa chuoni miaka 5. Mpwa wake ataipata kwa miaka 3. Ukifika kwenye ofisi ya kuandikisha, uliza waziwazi: mwishoni nitapewa cheo gani, na kitaniruhusu kufundisha madarasa gani?

ISP au chuo kikuu?

ISP inafundisha mambo mawili pamoja: somo lenyewe na namna ya kulifundisha. Kitivo cha saikolojia na elimu katika chuo kikuu kinaelekea zaidi upande wa uongozi wa shule, ukaguzi na ushauri kwa wanafunzi. Kisangani ina historia ndefu katika mambo hayo, tangu vyuo vikuu vyote vilipounganishwa kuwa UNAZA mwaka 1971. Kinshasa kuna UPN, ambayo zamani iliitwa IPN. Na anayesoma fizikia au historia katika chuo kikuu anaweza kuingia darasani pia, ila aulize mapema kuhusu masomo ya agregasioni, yale yanayomfanya mtaalamu kuwa mwalimu.

Ndani ya ISP yenyewe, idara ina uzito kuliko jina la chuo. Kuna Kifaransa na lugha za Afrika, Kiingereza, historia, jiografia, biolojia na kemia, hesabu na fizikia, biashara. Vijana wengi hukimbilia masomo wanayoyaona mepesi. Lakini tembelea sekondari za Kalehe, Masisi au Fizi, muulize prefe ni mwalimu gani anamkosa. Mara nyingi utasikia hesabu, fizikia, kemia. Aliyepata pointi nzuri katika masomo hayo na akayaogopa kwa sababu ya maneno ya marafiki, anajifungia mlango uliokuwa wazi.

Angalia pia staji. ISP iliyo imara ina shule yake ya mazoezi, kama EDAP ya ISP Bukavu, ambapo mwanafunzi anasimama mbele ya darasa la kweli, fiche yake ya matayarisho mkononi, huku mwalimu wake amekaa nyuma akiandika makosa. Chuo kisichoweza kukuonyesha mahali wanafunzi wake wanafanyia staji, na nani anawafuata huko, kinauza karatasi tu.

Karatasi inayotambulika

Hapa ndipo familia nyingi zinaumia. Vyuo vya binafsi vimeota kila mahali, vingine katika nyumba ya kupanga. Wizara ya elimu ya juu (ESU) imekwisha kufanya uchunguzi na kutangaza vyuo visivyotimiza masharti. Kabla ya kulipa, omba kuona hati ya Serikali inayoruhusu chuo kufanya kazi, na idara unayoitaka iwe imetajwa humo. Kisha uliza kama diploma za waliomaliza miaka 3 iliyopita zimekwisha kuthibitishwa na wizara. Njia nzuri ya kupima jibu ni kumtafuta mmoja wa waliomaliza na kumwomba akuonyeshe yake.

Bei ya kweli

Minervali ni sehemu moja tu ya bei. Weka pembeni kodi ya chumba, chakula, silabasi, pesa ya staji na ya kazi ya mwisho. Anayetoka Uvira kwenda Bukavu ahesabu barabara ya Ngomo; anayetoka Shabunda anajua jinsi safari ilivyo.

Vita nayo imeingia katika hesabu. Tangu M23 iingie Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga milango, na kutuma pesa kwa mwanafunzi kumekuwa shida na gharama. Kwa mzazi wa Beni au Butembo, chuo kilicho karibu, ambako mtoto anaweza kula nyumbani, kinaweza kufaa kuliko chenye sifa kubwa ambacho barabara yake inaweza kufungwa katikati ya mwaka.

Na baada ya diploma?

Lazima kusema ukweli. Diploma haileti mshahara siku hiyo hiyo. Shule nyingi za Serikali ziko mikononi mwa makanisa na jumuiya za dini, kwa mapatano ya mwaka 1977, na mara nyingi ni kodinasioni zao zinazopendekeza walimu. Baada ya kuajiriwa, mwalimu anangojea matrikule na kuingizwa kwenye listi ya malipo. Wengi wanafundisha miaka bila kulipwa na Serikali. Ndio wanaoitwa NU na NP. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019, primu ya wazazi ilikatazwa katika shule za msingi za Serikali, na asiye na matrikule akapoteza tegemeo lake. Anayechagua kazi hii aulize kodinasioni ya kwao ni shule zipi zina nafasi inayolipwa, na kwa masomo gani.

Chagua viwili au vitatu

Kila chuo kinataka dosie yake, na pesa ya kuiweka kwa kawaida hairudi. Kwa hiyo viwili au vitatu vinatosha: kimoja unachokitamani zaidi, kimoja kilicho karibu na nyumbani, na kama uwezo upo, kimoja ambacho una hakika kitakupokea. Tayarisha mapema bulteni za miaka ya mwisho, diploma au atestasioni ya kufaulu, atestasioni ya kuzaliwa, ya mwenendo mwema na ya afya, pamoja na picha. Toa kopi za kila kitu na uziache kwa mtu unayemwamini, katika nyumba nyingine. Familia zilizokimbia vita na kuacha makaratasi nyuma zinajua kwa nini.